Banio: neno analolihitaji mwenye kuunda kompyuta ya gemu kwa fedha kidogo

Mtu mwenye fedha kidogo anayetaka kompyuta ya kuchezea gemu nyumbani mara nyingi huanzia kwenye mashine ya ofisi iliyokwisha kutumika, kama Dell OptiPlex 9020 yenye prosesa ya Core i5, ya aina ile inayotafutwa Kariakoo na Luthuli Avenue. Huongeza RAM, kisha hutafuta kadi ya michoro. Pawa saplai ya mashine hizo ni ndogo na nyaya zake si za kawaida, kwa hiyo hulazimika kuchagua kadi inayoridhika na umeme wa sloti peke yake, ambao kwa kanuni za PCIe haupiti wati 75. Hapo hukutana na kadi mbili: GTX 1650 ya mwaka 2019, ambayo matoleo yake mengi hayadai waya wa ziada, na Radeon RX 6400 ya mwaka 2022. Zote zina gigabaiti 4 za kumbukumbu, na kwenye bodi za kisasa kasi zao hukaribiana. Moyo wa mnunuzi huelekea kwenye mpya. Lakini RX 6400 huwasiliana na bodi kwa njia 4 tu, ilhali GTX 1650 hutumia njia 16. Kwenye bodi ya PCIe 4.0 njia 4 hupitisha karibu gigabaiti 8 kwa sekunde. Bodi ya OptiPlex tuliyoitaja ni ya PCIe 3.0, na njia zilezile 4 hupitisha nusu yake. Gemu ikishajaza kumbukumbu ya kadi, data inayobaki huchotwa kutoka RAM ya kompyuta kupitia mlango huo mwembamba, na picha huanza kukwamakwama. Kadi ni nzima na bodi ni nzima, ila zilipokutana kasi ilipotea.

Hali hiyo inahitaji jina, na jina litakalochaguliwa ndilo litakaloongoza mkono wa mnunuzi anapotoa fedha. Kiingereza huiita bottleneck. Neno hilo limekaa muda mrefu katika uhandisi wa kompyuta: John Backus, aliyeongoza uundaji wa lugha ya FORTRAN, alilitumia katika hotuba yake ya Tuzo ya Turing mwaka 1977 alipoeleza jinsi prosesa na kumbukumbu zinavyotegemea njia moja nyembamba ya kupitishia kila kitu kidogo kidogo. Lawama za Backus ziliiangukia njia iliyo kati ya vitu viwili, wala hakusema kwamba kimojawapo ni kibovu. Mfasiri wa Kiswahili ana njia tatu rahisi mbele yake: kutafsiri neno kwa neno na kusema shingo ya chupa, kuchukua kikwazo lililo tayari kwenye lugha, au kulitohoa na kuandika botoneki. Ninapendekeza la nne, banio, kwa sababu linamfundisha mnunuzi jambo ambalo hayo matatu yanamficha.

Tuanze na kikwazo, maana ndilo litakalomjia mwandishi wa haraka. Kikwazo ni kinachomkwaza mtu, jiwe au kisiki kilicho njiani. Hakikuwa sehemu ya njia, na kikiondolewa njia huwa nyeupe. Anayefikiri kwa neno hilo huingia dukani akitafuta kifaa kimoja kilicho kibovu, hukibadilisha, kisha hubaki akijiuliza kwa nini kompyuta imeongeza kasi kidogo tu. Atatafuta kikwazo kingine, atanunua tena, na fedha zake zitaisha bila yeye kuelewa kilichokuwa kinatokea. Kosa si la akili yake. Neno ndilo lililomwambia kwamba ipo siku vikwazo vitakwisha.

Havitakwisha, na hesabu ya fremu inaonyesha kwa nini. Gemu inayokwenda kwa fremu 60 kwa sekunde inaipa kila fremu milisekunde 16.7. Ndani ya muda huo prosesa hupanga mambo ya mchezo, yaani adui yuko wapi, risasi imefika wapi, nini kichorwe, na kadi ya michoro huchora. Vifaa hivi viwili hufanya kazi kwa kupokezana: kadi inapochora fremu hii, prosesa inaandaa inayofuata. Kwa hiyo kasi ya mwisho ni ya yule aliye mzito kati yao. Tuseme prosesa inahitaji milisekunde 8 kwa kila fremu na kadi inahitaji 20. Tutapata fremu 50 kwa sekunde. Tukinunua prosesa ya milisekunde 4, yenye kasi maradufu na bei ya kuumiza, tutapata fremu 50 zilezile. Tukiiacha prosesa na kununua kadi ya milisekunde 10, tunafika 100. Tukipanda hadi kadi ya milisekunde 5, mtu angetegemea 200, lakini tutapata 125, kwa kuwa sasa mzito ni prosesa na milisekunde zake 8. Sehemu inayoweka mpaka imehama kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na popote tutakapomwaga fedha itahamia mahali pengine.

Ndiyo maana naliona banio kuwa neno sahihi. Limetokana na kitenzi bana na kiambishi -io, kilekile kilichotupa chujio kutokana na chuja na machinjio kutokana na chinja, kiambishi cha kifaa au mahali pa kutendea jambo. Katika kilimo cha umwagiliaji Tanzania lina maana mahsusi inayojulikana: banio ni ujenzi unaowekwa mtoni ili kuyaingiza maji kwenye mfereji na kuyapima kwa malango yake. Mkulima anajua kwamba hata mfereji wake ukipanuliwa mara tatu, maji yatakayofika shambani hayawezi kuzidi yale yanayopita kwenye banio. Anajua pia kwamba banio si ubovu wa skimu. Skimu yoyote inalo, na kazi ya fundi ni kuliweka mahali panapofaa. Kwa maana hiyo, banio la kompyuta ni sehemu ambayo, kwa kazi fulani na kwa wakati fulani, uwezo wake ndio unaoweka mpaka wa kasi ya mfumo mzima. Maneno kwa kazi fulani na kwa wakati fulani yabaki ndani ya fasili. Gemu inapofunguka, banio huwa ni diski: diski ya zamani ikikuacha unasubiri dakika nzima, SSD hufupisha kusubiri huko. Mchezo ukishaanza, diski haina sauti kubwa tena na banio limehamia kwenye kadi au prosesa. Vivyo hivyo Counter-Strike 2 huibana zaidi prosesa, hasa kwa wachezaji wanaopunguza ubora wa picha ili kupata fremu nyingi, wakati Cyberpunk 2077 huielemea kadi. Kompyuta moja, mabanio mawili.

Mnunuzi akishakubali kwamba banio halikosekani, swali lake hubadilika. Haulizi tena namna ya kuliondoa. Anauliza alitake wapi. Kwa kompyuta ya gemu ya bei ndogo, jibu langu ni kwenye kadi ya michoro, kwa sababu ndilo banio ambalo mchezaji anaweza kulilegeza bila kulipa chochote. Skrini ya pikseli 1920 kwa 1080 inaitaka kadi ichore pikseli 2,073,600 kwa kila fremu. Akishusha hadi 1280 kwa 720, zinabaki 921,600, pungufu ya nusu, na kadi inapumua papo hapo. Anaweza kupunguza vivuli na umbali unaochorwa, na mchezo ukaendelea kuchezeka. Banio likiwa kwenye prosesa, kushusha pikseli hakusaidii, kwa sababu idadi ya maadui na risasi za kukokotolewa ni ileile, na mkwamo wake huja kwa kushtukiza, fremu moja ikichelewa ghafla wakati mchezaji anahitaji kulenga. Jambo hilohilo linatupa kipimo kisicho na gharama. Shusha idadi ya pikseli: fremu zikiongezeka sana, banio lilikuwa kwenye kadi, zisipoongezeka, liko kwenye prosesa. Asidanganywe na takwimu inayosema prosesa inatumika asilimia 40 tu, kwa maana huo ni wastani wa viini vyote, na kiini kimoja kinaweza kuwa kimefika mwisho wakati vingine vimelala.

Wapo wanaoanza bila kadi yoyote, na kwao banio limejificha mahali ambapo wengi hawatazami. Ryzen 5 5600G, iliyoingia madukani mwaka 2021, ina viini 6 na sehemu ya michoro ndani yake. Sehemu hiyo haina kumbukumbu yake. Inaazima RAM ya kompyuta na kugawana nayo njia. RAM moja ya DDR4-3200 hupitisha gigabaiti 25.6 kwa sekunde. Zikiwekwa mbili kwenye sloti zilizopangwa kwa mikondo miwili, zinapitisha 51.2. Kwa hiyo anayenunua RAM moja ya gigabaiti 16 akidhani amefanya sawa na aliyenunua mbili za gigabaiti 8 ameibana michoro yake kwa nusu, ingawa maelezo ya mashine zote mbili yataandikwa GB 16. Huu ni ushahidi mwingine kwamba banio ni uhusiano kati ya vifaa. Halionekani kwenye karatasi ya kifaa kimoja kimoja, na muuzaji anayetaja ukubwa wa RAM bila kutaja idadi yake amenyamaza juu ya jambo lenye uzito kuliko lile alilolisema.

Mtetezi wa shingo ya chupa atasema kwamba sura yake inaeleweka upesi na kwamba hakuna haja ya kubuni. Ninakubali inaeleweka, lakini chupa ina shingo moja tu, iko juu siku zote, na haihami. Ni picha ya kitu kilichokwisha kufinyangwa. Isitoshe, ni jina lisilozaa kitenzi. Kutoka banio tunarudi kwenye kubana na kubanwa bila jasho: kadi inabanwa na prosesa, bodi inaibana kadi. Kwa shingo ya chupa tutalazimika kusema kadi inasababishiwa shingo ya chupa, sentensi ambayo hakuna fundi atakayeitamka mbele ya mteja. Botoneki nayo haina dhambi ya kuwa ngeni, kwani prosesa na kompyuta ni ngeni na tunaishi nazo vizuri. Kompyuta imestahimili ushindani wa ngamizi na tarakilishi, ingawa hili la mwisho lina makao imara shuleni Kenya. Ila jina la kitu unachokishika mkononi linaweza kutoholewa bila hasara, kwa sababu kitu chenyewe kipo mezani kujieleza. Dhana isiyoshikika inamhitaji msomaji aione ndani ya neno, na botoneki kwa asiyejua Kiingereza haina kitu ndani yake.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba banio tayari ni mali ya wakulima na wahandisi wa maji, na kulihamisha kutaleta mkanganyiko. Lakini virusi havikuwachanganya madaktari vilipoingia kwenye kompyuta, wala mtandao haukuwachanganya watu waliojua nyavu. Anayezungumzia RAM hawezi kudhaniwa anazungumzia mto. Tena undugu wa maana hizi mbili ni faida, kwa sababu kijana aliyeona malango ya skimu ya umwagiliaji anaingia kwenye somo la kompyuta akiwa na nusu ya maarifa. Kinachotakiwa ni kulinda mpaka wa neno. Pawa saplai isiyotosha si banio: haipunguzi kasi taratibu, huizima mashine. Prosesa isiyoingia kwenye soketi ya bodi si banio, ni kutolingana. Na vile vikokotoo vinavyokuambia kwamba prosesa hii na kadi ile zina banio la asilimia fulani, bila kukuuliza unacheza gemu gani na kwenye skrini ya pikseli ngapi, vinapima kitu ambacho hakina kipimo kimoja.

Atakayesema kwamba mnunuzi anahitaji orodha ya vifaa wala hahitaji istilahi asisahau kwamba kwenye soko la mitumba orodha huchakaa kila mzigo mpya unapofika. Leo kuna OptiPlex, kesho kuna HP, na prosesa ni za kizazi kingine. Mwenye kuuliza banio litakaa wapi anaweza kuchagua kutoka mzigo wowote. Ningeomba wahariri wa kamusi, BAKITA wakiwamo, wakiingize kidahizo hiki kwa maana yake ya pili pamoja na kitenzi chake, na walimu wa kompyuta waanze kukitumia bila kusubiri kamusi. Na wewe unayekwenda dukani wiki hii kutafuta RX 6400, soma kwanza maelezo ya bodi yako. Sloti yake ikiwa ni ya PCIe 3.0, nunua GTX 1650 isiyohitaji waya wa ziada.