Kamera Yako Huenda Ni Nzima: Historia Fupi ya Taa Zinazopepesa

Leo tuweke programu kando kidogo tuongee picha.

Umeenda kupiga picha za mpira wa vikapu ndani ya ukumbi. Umeweka ISO 3200, f/2.8 na shata 1/500, zote kwa mkono. Unapiga picha kumi mfululizo, hugusi kitu. Tatu zinang'aa, nne zina giza, nyingine zina unjano. Wengi hapo hukimbilia kwa fundi na pesa hutoka. Lakini mara nyingi kosa liko kwenye dari, na chanzo chake kina zaidi ya miaka 100.

Umeme wa mkondo geu huenda na kurudi. Hapa Kenya hufanya hivyo mara 50 kwa sekunde (hezi 50), na taa hufika kilele mara mbili kila mzunguko, yaani mara 100 kwa sekunde. Mtambo wa Niagara wa 1895 ulitumia hezi 25, na kwa kasi hiyo balbu zilionekana zikipepesa. Kufikia mwisho wa miaka ya 1890, AEG ya Ujerumani ilikuwa imechagua 50 na Westinghouse ya Marekani 60. Jicho likatulia. Hakuna aliyepima kwa kamera.

Balbu ya waya haikuleta shida kubwa, maana waya hubaki na joto kati ya kilele na kilele. Mwaka 1938 General Electric ilianza kuuza taa za fluoresenti. Hizi hufifia sana kila mkondo unapogeuka. Hata hivyo filamu za ISO 100 zilikuwa za polepole. Ndani ya nyumba ulitumia 1/30, muda unaopitisha vilele vitatu, basi mwanga ukajisawazisha wenyewe.

Kisha zikaja sensa kali. Nikon D3 ya 2007 ilifika ISO 6400, na watu wakaanza kupiga 1/500 ukumbini. Hizo ni milisekunde 2 tu, wakati wimbi moja la mwanga huchukua 10. Picha moja inanasa kilele, inayofuata inanasa bonde. Taa nyingi za LED za bei rahisi zina tabia hiyo hiyo. Mwaka 2014 Canon EOS 7D Mark II ilikuja na uwezo wa kusoma mpepeso na kusubiri kilele ndipo ipige.

Kama kamera yako haina uwezo huo, tumia 1/100 au 1/50. Wachezaji watakuwa na ukungu kidogo, lakini mwanga utalingana.

Na kabla hujampa fundi hata shilingi, toka nje siku isiyo na mawingu, elekeza kamera ukutani, upige picha kumi kwa mipangilio inayofaa mwanga wa nje, bila kuibadilisha. Zikilingana, kamera ni nzima. Zikitofautiana hata kwenye jua, haya, sasa nenda kwa fundi.