Paul Bomani: Mtu wa Mizani ya Pamba

Katika Yubile hii ya parokia yetu tunawakumbuka wazee waliotoka Katanga ya kaskazini kuja kutafuta kazi Lubumbashi. Wengi wao walikuwa wamelima pamba ya lazima, iliyoamriwa na serikali ya Wabelgiji tangu mwaka 1917. Mkulima alibeba mzigo wake mpaka sokoni, akapewa bei iliyokwisha kukatwa, wala hakuwa na mtu wa kumtetea mbele ya mizani. Kwa sababu hiyo tumeona vema kusimulia maisha ya mtu wa inchi jirani, ng'ambo ya ziwa Tanganyika, ambaye heshima yake yote ilianzia kwenye mizani kama ile.

Paul Bomani alizaliwa mwaka 1925 huko Musoma, mwana wa mhubiri wa Waadventisti. Alikuwa kwanza karani katika mgodi wa almasi wa Mwadui, kama vile vijana wetu walivyokuwa makarani wa Union Minière. Mwaka 1947 alihamia Mwanza, akawa katibu wa ushirika wa wafanyabiashara Waafrika. Huko wakulima wa Usukuma walinung'unika kwamba wanunuzi waliwaibia uzito wa pamba. Basi wakaweka wapimaji wao wenyewe, wasimame kando ya mizani ya mnunuzi. Bomani alizunguka vijijini kuwaunganisha, kisha akaenda kusomea ushirika Loughborough, Uingereza. Mwaka 1955 ulianza muungano mkubwa wa vyama vya ushirika vya Victoria, naye akawa meneja wake mkuu.

Kutoka ushirika aliingia siasa. Mwaka 1960 aliwekwa Waziri wa Kilimo, na mwaka 1962 Waziri wa Fedha. Lakini mwaka 1965, angali waziri, watu wa kwao walimnyima kura. Siku zile wakulima walikwisha kuulalamikia ushirika wenyewe: makato mengi, na makarani wasio waaminifu. Mwaka 1966 serikali ilifanya uchunguzi juu ya vyama hivyo, na mwaka 1968 muungano ule ulivunjwa. Dawa ya jana nayo ilihitaji mpimaji.

Rais Nyerere hakumtupa. Alimteua kuwa mbunge, akampa tena uwaziri, na mwaka 1972 akamtuma Washington kuwa balozi. Alikaa huko mpaka mwaka 1983. Aliaga dunia mwaka 2005.

Wapenzi wakristu, kitabu cha Walawi, kinapoagiza mwaka wa Yubile, kinakataza watu kupunjana katika kuuza na kununua. Nasi tuna sanduku la parokia, vyama vya akiba, na mashamba pembezoni mwa mji. Walioshika hesabu ni ndugu zetu, nasi twawaamini. Hata hivyo tusione haya kusimama kando ya mizani yao, wala wao wasione uchungu tukisimama. Wakulima wa Mwanza walipoacha kusimama hapo, walipoteza kile walichokijenga kwa jasho lao.