Nyumba ya Kiungani: Historia Fupi ya Chuo cha Mtakatifu Andrea, Unguja

Katika mwaka 1864, Askofu William Tozer alipokuwa amekwisha kuiondoa Misheni ya Vyuo Vikuu katika nchi ya mto Shire, ambako mtangulizi wake, Askofu Charles Mackenzie, alifariki kwa homa mwaka 1862, na baadhi ya wenziwe wakamfuata kaburini, alishuka Unguja pamoja na Padre Edward Steere, wala hakuwa na kanisa, wala madrasa, wala mtu hata mmoja wa kumfundisha. Wanafunzi wake wa kwanza hawakuja kwa kuvutwa na mahubiri. Waliletwa kwa hisani ya Sayyid Majid, Sultani wa Unguja, aliyempa Askofu watoto watano wa kiume, watumwa, waliokuwa hawana mtu mjini wa kuwauliza khabari zao. Kutoka kwa watano hao ndipo kilipoanza chuo ambacho baadaye kilitulia katika shamba la Kiungani, kusini ya mji, kando ya bahari, kikapewa jina la Mtakatifu Andrea. Ama wasichana wakawekwa Mbweni.

Mwenye kutaka kuifahamu historia ya chuo hiki yampasa kwanza awatazame waliokijaza. Manowari za Waingereza zilipokamata majahazi ya watumwa baharini, watoto waliopatikana humo, wengine wadogo mno hata hawakumbuki jina la kijiji chao, walikabidhiwa Misheni; na mwaka 1887 Bwana A. C. Madan alitoa kitabu cha hadithi zilizoandikwa na watoto wenyewe juu ya maisha yao, Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo, akazifasiri kwa Kiingereza. Naamini hakuna hati ya zama zile iliyo na thamani kuliko hiyo, kwa maana humo tunamsikia mtoto mwenyewe akisimulia vita vilivyovunja kwao, jinsi alivyouzwa na kuuzwa tena, na safari ya miguu mpaka pwani. Mtumwa huyo alikuwa amepoteza uhuru, na pamoja nao nasaba, lugha ya mama yake, miungu ya wazee wake, na makaburi ya kutambikia.

Na ulimwengu aliofikia haukuwa umetulia. Kipindupindu kiliishambulia Unguja mwaka 1869 na 1870 kikaua watu wengi. Tufani ya Aprili 1872 iling'oa mikarafuu iliyokuwa utajiri wa kisiwa. Mwezi Juni 1873 Sayyid Barghash, Sultani aliyemfuata Majid, alitia sahihi mkataba uliofunga soko la watumwa, na siku ya Krismasi ya mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la Kanisa la Kristo pale pale Mkunazini palipokuwa soko. Kisha Wadachi wakaja bara, Waingereza wakaitia Unguja chini ya himaya yao mwaka 1890, na mwaka 1897 hadhi ya utumwa ikafutwa kisheria. Mtoto aliyeingia Kiungani siku za Askofu Tozer aliyaona yote hayo kabla nywele zake hazijaingia mvi.

Basi nini kiliwashika watu hawa wasipeperushwe? Wako wasemao ni kuta za Misheni na riziki yake, nami sikatai kuwa mwenye njaa huanza kwa chakula. Lakini nikiitazama siku yao ilivyopangwa, naona jambo lililokwenda mbali zaidi. Kengele ililia asubuhi, wakasali. Ikalia jioni, wakasali. Na sala zile zile, kwa Kiswahili kile kile, zilisemwa kwa kinywa kimoja na Myao na Mmakua ambao makwao huenda wazee wao walikuwa wakiwindana. Asiye na ukoo aliipata kalenda yenye siku za furaha na siku za toba, watakatifu wa kuwakumbuka, wafu wa kuwaombea; na mwaka ulipozunguka ulimkuta amekwisha kuwa mwenyeji ndani yake. Mambo ya nje yalibadilika, ilhali zaburi ya jioni ilikuwa mahali pake.

Kazi ya kupiga chapa iliongeza nguvu ya jambo hilo. Padre Steere, aliyekuwa Askofu tangu 1874 mpaka kufa kwake mwaka 1882, alikuwa bingwa wa kazi hiyo kama alivyokuwa bingwa wa Kiswahili, akawafundisha vijana. Mfikirie kijana amesimama mbele ya kasha la herufi za risasi, akiziokota moja moja na kuzipanga kwa kinyume, vidole vimekolea wino. Zaburi ile aliyoisali alfajiri anaipitia tena herufi kwa herufi, mpaka aione imetoka katika karatasi, maneno yamesimama sawasawa. Kwa mikono ya vijana hao vilipigwa chapa vitabu vya sala na masomo, na tangu 1888 lilitoka Kiungani gazeti la Msimulizi, lililochukua khabari za vituo vya Misheni, bara na visiwani.

Matunda ya chuo yalionekana mapema. John Swedi, mmoja wa wale watano wa kwanza, alifanywa shemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, Myao aliyeachwa huru akiwa mtoto, alisoma Kiungani, kisha Canterbury, akapewa ushemasi mwaka 1886 na ukasisi mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza katika Misheni hiyo kuupata. Naye akapelekwa Chitangali, katika nchi ya Wayao wenziwe, akatumika huko kwa takriban miaka kumi. Aliyetolewa bara mateka akarudi bara mchungaji wa watu. Padre Yohana Abdallah naye, mwanafunzi wa Kiungani, aliandika kwa Kiyao historia ya kabila lake, iliyochapishwa mwaka 1919. Na jambo hilo nalipenda mno, kwa kuwa laonyesha kuwa chuo hakikumfuta mtu asili yake alipokuwa na nguvu ya kuishika.

Hata hivyo haki yataka isemwe kwamba hatamu zilibaki mikononi mwa Wazungu kupita kiasi, na vijana waliokabidhiwa madhabahu hawakukabidhiwa mashauri kwa kadiri hiyo hiyo. Imani yao ilidumu pamoja na kasoro hiyo, si kwa sababu yake.

Mwisho wa karne watoto wa majahazi walipungua, wakaja wana wa waungwana kutoka Bonde, Masasi na pande za Nyasa, waliotumwa na wazazi wao. Chuo kikawa hasa cha walimu. Na kwa kuwa wanafunzi sasa walitoka bara na kazi yao ilikuwa bara, mwaka 1925 kilihamishiwa Minaki, karibu na Kisarawe. Walimu waliotoka humo walitawanywa vijijini ambako kasisi alifika mara moja kwa miezi. Siku nyingine zote mwalimu ndiye aliyepiga kengele, akawaongoza watu katika sala za asubuhi, kisha akafungua darasa.