Hatua 17 za Peter

Mwaka 1924 Mary Cover Jones, mwanasaikolojia wa Marekani, alichapisha habari za mtoto aitwaye Peter, ambaye alikuwa hajatimiza miaka 3 walipoanza. Mtoto huyo aliogopa sungura. Pamba, unyoya na koti la manyoya navyo vilimtia hofu. Jones hakuridhika kuandika kwamba mtoto "anaendelea vizuri", maneno ambayo mpaka leo yamejaa kwenye mafaili na hayamwambii mzazi lolote. Aliandaa orodha ya hatua 17 za kumzoea sungura, kuanzia A hadi Q.

Katika hatua ya kwanza, sungura akiwa popote chumbani, hata tunduni, Peter anaogopa. Kisha anamvumilia akiwa umbali wa futi 12, halafu 4, halafu 3. Baadaye anamgusa akiwa ameshikwa na mtu mzima. Katikati ya orodha kuna jambo la kuchekesha: Peter anamtemea sungura mate na kumrushia vitu. Nyumbani kwetu angechapwa kofi; Jones aliyahesabu hayo kuwa maendeleo. Katika hatua ya mwisho sungura anamng'atang'ata Peter vidole, naye ametulia tu.

Mwanzoni Peter alichezeshwa pamoja na wenzake wasioogopa, na akapanda hatua kadhaa. Kisha akaugua homa ya vipele vyekundu, akalazwa karibu miezi 2. Siku ya kutoka hospitalini, mbwa mkubwa akamrukia yeye na muuguzi wake. Hofu ikarudi palepale. Jones akabadili mbinu: Peter akawa anapewa chakula anachokipenda huku sungura akisogezwa kidogo kidogo. Kwa kuwa orodha ilikuwapo, ilionekana wazi ameporomoka kiasi gani.

Kasoro ya orodha hiyo ni kwamba malengo yote yalikuwa ya Jones, ingawa kwa umri ule nani angemuuliza Peter?

Mwaka 1968, huko Minnesota, Marekani, watafiti Thomas Kiresuk na Robert Sherman walipendekeza kila mgonjwa apimwe kwa malengo yake mwenyewe, kwa alama za -2 hadi +2, 0 ikiwa ni matokeo yanayotarajiwa. Baadaye, huko Uingereza, mwanasaikolojia Duncan Law akawasogeza watoto karibu zaidi na kalamu: mtoto na familia yake hutaja malengo yasiyozidi 3, kisha huyapa alama kuanzia 0 hadi 10. Mtoto akitaka kulala bila taa, kwenye fomu inaandikwa hivyohivyo, "kulala bila taa", na namba anaitaja mwenyewe. Mama akisema 3 na mtoto akisema 7, siku hiyo mazungumzo yanaanzia hapo.