Kutoka Shaba Nyeupe hadi Aloi Nasibu

Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ilikusudiwa hasa kuichukua shaba ya Zambia hadi bandari ya Dar es Salaam. Katika bonde la Kilombero hupita Ifakara na Mbingu. Shehena hiyo huitwa shaba. Na birika la shaba nalo huitwa hivyo, ingawa aghalabu ni aloi ya shaba na zinki. Wasemaji waliuondoa utata huo kwa rangi: shaba nyekundu na shaba nyeupe.

Lakini fizikia huuliza swali ambalo rangi hailijibu: ndani ya aloi, atomu ipi imekaa wapi? Hapa ndipo baadhi ya watafsiri huweza kuteleza na kuandika "aloi ya vurugu". Tuutazame ubao wa bao. Mashimo yake yamenyooka safu kwa safu, hata kama komwe na vijiwe vimetiwa humo bila mpango. Vivyo hivyo, shaba nyeupe yenye zinki karibu nusu, ikiwa chini ya takriban nyuzi 460 za Selsiasi, huipa kila aina ya atomu mashimo yake. Ikizidi hapo, atomu hukaa kwa bahati. Mashimo hayavurugiki.

Mwaka 1928 Felix Bloch alionyesha kwamba elektroni hupita katika fuwele kamili kama wimbi lisilokwazwa. Hoja yake ilitegemea mpango unaojirudia, nao haumo katika aloi ya namna hii. Mwaka 1931 Lothar Nordheim aliwazia atomu ya wastani katika kila shimo. Hesabu ikawa nyepesi, lakini tofauti kubwa kati ya metali mbili zikamezwa na wastani huo. Mwaka 1967, ambao ndio mwaka Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria, Paul Soven alitoa njia nyingine: kutafuta mazingira ya kuwazia ambamo, ikiwekwa atomu halisi ya shaba au ya zinki, elektroni kwa wastani haikwazwi zaidi. Kinachosawazishwa ni athari za atomu, si atomu zenyewe.

Kwa hiyo twapendekeza "aloi nasibu". Neno nasibu limekwisha kuzoeleka katika takwimu, nalo lataja hasa kile kinachokokotolewa. Mwanafunzi akisoma "vurugu" atatafuta fuwele iliyobomoka. Akisoma "nasibu" atauliza uwezekano wa kila shimo.