Gazeti Lililoitwa Rafiki



Wapendwa, mwaka 1911, Uganda ikiwa chini ya himaya ya Waingereza, Wamisionari wa Afrika walianzisha gazeti la Kiluganda, wakaliita Munno, yaani rafiki yako. Rafiki wa kweli hasemi yanayopendeza tu. Uhuru ulikuja mwaka 1962, lakini gharama ya kusema kweli haikupungua: Januari 1973, wakati wa utawala wa Idi Amin, mhariri wa gazeti hilo, Padre Clement Kiggundu, aliuawa, mwili wake ulikutwa ndani ya gari lililoteketezwa.

Amri ya nane yatukataza uongo. Nasi tunaposambaza kwa simu habari tusizozihakiki, je, tu rafiki wa nani? Tuwaombee waandishi wetu. Amina.