Wanga baada ya upasuaji wa kupunguza unene: Kipi kiliwe na kipi kiepukwe

MTU aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza unene huondoka hospitalini akiwa na tumbo dogo, lakini hurejea katika nyumba ambayo mapishi yake hayajabadilika. Ugali ungali mezani, chapati zingali zinapikwa na chai ingali inatiwa sukari. Swali linalomkabili mapema ni iwapo vyakula hivyo vya wanga bado anaruhusiwa kuvila.

Jibu la wataalamu wa lishe ni kwamba wanga haukatazwi, ila aina yake, kiasi chake na nafasi yake katika mlo hubadilika. Anayepuuza jambo hili huenda akatapika, akazirai au akarejesha uzito aliopoteza kwa gharama kubwa. Naye anayeuacha wanga wote milele hujinyima nyuzinyuzi na baadhi ya vitamini ambazo mwili wake unazihitaji.

Aina za upasuaji

Njia mbili ndizo zinazotumika zaidi duniani. Katika ya kwanza, daktari huondoa takriban asilimia 75 hadi 80 ya tumbo na kuacha sehemu nyembamba yenye umbo la mfereji.

Katika ya pili, kifuko kidogo chenye uwezo wa kubeba mililita 30 hivi hutengwa sehemu ya juu ya tumbo na kuunganishwa na utumbo mwembamba. Chakula basi hupita kando ya tumbo lililosalia na sehemu ya kwanza ya utumbo. Asili ya njia hii ni kazi ya Dkt Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, katika miaka ya 1960. Ilikuwa imebainika kwamba wagonjwa waliokatwa sehemu ya tumbo kwa sababu ya vidonda walikonda.

Kwa nini wanga huleta matatizo

Katika hali ya kawaida, tumbo huhifadhi chakula na kukiachilia kidogo kidogo kupitia lango lililoko chini yake. Mtu aliyeunganishiwa utumbo hana tena kizuizi hicho. Akinywa soda au kula keki, sukari hiyo huporomoka hadi utumboni kwa kasi.

Sukari nyingi inapofika humo kwa pamoja huvuta maji kutoka kwenye damu na kuyaingiza utumboni. Muda wa dakika 10 hadi 30 baada ya kula, mgonjwa huhisi tumbo likimsokota, moyo ukimwenda mbio, kijasho kikimtoka, na huenda akaharisha. Madaktari huiita hali hii dampingi.

Kuna aina ya pili ambayo huchelewa, nayo hujitokeza kati ya saa moja na saa tatu baada ya mlo. Sukari iliyoingia katika damu kwa ghafla huchochea kongosho kutoa insulini kupita kiasi, na insulini hiyo huishusha sukari ya damu chini ya kiwango kinachofaa. Mgonjwa hutetemeka, huchanganyikiwa na anaweza hata kupoteza fahamu. Kwa dereva aliye barabarani au mama aliyembeba mtoto, hatari yake ni dhahiri.

Wengi hukosea hapa kwa kunywa soda nzima ili kujiokoa. Sukari hupanda, insulini hutolewa tena, na mzunguko huanza upya. Ushauri unaotolewa ni kutumia sukari kidogo iliyopimwa, kisha kula chakula chenye protini, mathalani yai au maziwa yasiyotiwa sukari. Hali hiyo ikijirudia, mgonjwa anapaswa kumwona daktari.

Walioondolewa sehemu ya tumbo lakini lango lake likaachwa hupatwa na matatizo haya mara chache zaidi, ila hawajaepukana nayo kabisa.

Hatua za kula

Siku za kwanza huwa za vinywaji vyepesi, kisha hufuata maziwa na supu iliyochujwa. Baadaye mgonjwa hula vyakula vilivyopondwa, halafu vilaini, na kwa kawaida hurejea kwenye vyakula vya kutafuna baada ya wiki sita hadi nane. Ratiba kamili hutolewa na hospitali iliyompasua.

Katika kipindi hiki wanga huwa kidogo mno. Kiwango kinachopendekezwa kwa mtu mzima wa kawaida ni gramu 130 kwa siku, kikikadiriwa kutokana na glukosi inayotumiwa na ubongo. Mgonjwa hawezi kufikia hapo katika miezi ya kwanza, na hilo halipaswi kumtia hofu kwani mwili wake huchoma mafuta uliyoyahifadhi.

Kinachotangulizwa ni protini, angalau gramu 60 kila siku, ili misuli isiyeyuke pamoja na mafuta. Katika kila mlo, samaki, kuku, mayai au maharagwe huliwa kwanza, mboga zikafuata, na wanga ukawa wa mwisho. Tumbo likijaa kabla ya kufika kwenye ugali, ugali huo huachwa.

Vyakula vya kuchagua

Vyakula vinavyofinyangika kama donge, hasa mkate mweupe, chapati, wali na ugali, vinaweza kukwama katika kifuko na kusababisha maumivu au kutapika. Aliyepona anaweza kuvijaribu baadaye, vijiko viwili au vitatu kwa wakati mmoja, akitafuna hadi vilainike kabisa.

Hata hivyo, vinavyorejesha unene kwa urahisi ni vile visivyokwama. Biskuti, krispi, aiskrimu na uji uliojaa sukari huteleza bila kumshibisha mlaji, naye huweza kuvila kutwa nzima. Tumbo dogo haliwezi kumkinga mtu dhidi ya vyakula vya namna hii.

Vyakula vifaavyo zaidi ni ndengu, kamande, mbaazi na maharagwe, ambavyo vina wanga, protini na nyuzinyuzi kwa pamoja. Viazi vitamu na nduma zilizochemshwa hufaa kwa kiasi kidogo. Githeri ni chakula chema, lakini maganda ya mahindi ni magumu, hivyo husubiri hadi mgonjwa aweze kutafuna vyakula vya kawaida bila shida.

Vinywaji navyo vina kanuni zake. Mgonjwa hashushii chakula kwa maji, bali husubiri takriban dakika 30 baada ya kula, kisha hunywa polepole hadi kufikisha angalau lita moja na nusu kwa siku. Sharubati, hata ile ya matunda halisi, ni sukari inayofika utumboni kwa kasi. Tunda lenyewe ni bora zaidi.

Wanaohitaji uangalizi zaidi

Wenye kisukari wanapaswa kuwa waangalifu tangu siku ya kwanza. Sukari ya damu huweza kuteremka siku chache tu baada ya upasuaji, kabla hata uzito haujapungua sana. Akiendelea na kipimo kile kile cha insulini au vidonge huku akila wanga kidogo, anaweza kuzirai. Dawa hizo hupunguzwa na daktari, na mgonjwa hapaswi kujiamulia.

Anayetapika mfululizo naye hukabiliwa na upungufu wa vitamini B1, ambayo mwili huitumia kugeuza wanga kuwa nguvu. Akipewa maji ya glukosi bila vitamini hiyo, ubongo wake unaweza kudhurika. Ni muhimu basi kumjulisha kila mhudumu wa afya kwamba alifanyiwa upasuaji huu.

Mwanamke mjamzito aliyeunganishiwa utumbo anapaswa kutoa taarifa hiyo kliniki kabla ya kupimwa kisukari kwa kunyweshwa glukosi, kwani kipimo hicho kinaweza kumletea dampingi. Zipo njia nyingine za kumpima.

Waislamu wanaokusudia kufunga Ramadhani nao hushauriwa kuzungumza na daktari mapema. Tende kadhaa na sharubati tamu juu ya tumbo tupu wakati wa kufuturu zinaweza kuleta dalili zilizotajwa, mbali na ugumu wa kupata maji ya kutosha usiku.

Vitamini na madini yaliyoagizwa na daktari, yakiwemo chuma, kalisi na vitamini B12, huendelea kutumiwa maisha yote, pamoja na vipimo vya damu vya mara kwa mara. Familia pia ina wajibu wake: kumpakulia mgonjwa sahani ndogo, na kutomlazimisha kuongeza tonge kwa kisingizio cha ukarimu.